Niliuzuia Mtaa Wetu Kwenda Kumzika Mke wa Jirani Yangu

Watu wakikosa husema shetani aliwapitia. Mimi sitamsingizia. Hili nililolifanya nililifanya mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na shati nimelipiga pasi.

Nimekosa. Nalisema mapema ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia udhuru. Wapo walionitafutia. "Ulikuwa unatetea chama," wananiambia. Chama kitu gani, ndugu yangu? Nilikuwa natetea kichwa changu tu.

Majina ya watu sitayataja ya kweli, na la kwangu halitakusaidia. Jua tu kwamba mimi ni Muha, wazazi wangu walitoka upande wa Kasulu, ila nimekulia Ujiji na ndiko nilikooa. Nina duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki pale Mwanga. Ni mtu wa sauti. Mke wangu husema hata nikitoa salamu, mgeni hudhani nagombana na mtu.

Mtaa wetu unashuka mpaka ziwani. Zamani ulikuwa mchafu, wallahi, wa kutia aibu. Mtaro uliziba, mvua ikinyesha maji yanaingia majumbani na kila kilichotupwa huko juu. Watu wa mitaa mingine walitupa jina, wakatuita watu wa Jalalani. Binti mmoja wa mtaani alipokuja kuposwa, aliwaelekeza wageni wapite njia ya nyuma ili wasiuone mtaro wetu. Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kujikaza.

Aliyeuokoa mtaa ule si mimi. Na hilo nalikiri, maana kwenye hotuba zangu nilikuwa nalisahau kwa makusudi.

Alikuwa mwanamke, jirani yangu wa mlango wa tatu. Nitamwita Mama Zaina. Huyu mama usafi ulikuwa ndani ya damu yake. Kanga zake zilikuwa zimenyooka kila siku, uani kwake ungeweza kula chakula chini. Siku moja alimaliza kufagia kwake, akafagia kwa jirani, kesho yake akafika mpaka kona. Hakumwambia mtu neno. Mumewe, Baba Zaina, alipoona mkewe anafagia peke yake, akachukua jembe akaingia ndani ya mtaro kuuzibua.

Mimi nilikuwa wa tatu kutoka. Akaja wa nne, wa kumi, tukawa chama cha kujitolea. Kwa kuwa nina sauti, nikawa mwenyekiti.

Kila Jumamosi asubuhi, mpaka saa tatu, mtaa mzima ulikuwa nje. Wanaume mtaroni, wanawake na mafagio, vijana wanabeba taka. Tulipanda miti ya kivuli, tukapanga mawe kandokando ya njia tukayapaka chokaa. Ndani ya mwaka mmoja, jina la Jalalani likafa lenyewe. Watu wakawa wanapita kwetu kwa makusudi, wengine wanapigia picha za harusi pale. Nikiwa dukani Mwanga, mteja akiniuliza nakaa wapi, nilikuwa nautaja mtaa wetu kwa kujidai, hata kama hajamaliza swali.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovimba.

Chama kilikuwa na mikeka, masufuria makubwa na turubai, kwa ajili ya misiba. Kwetu ukifiwa, kabla hujamaliza kufuta machozi, mikeka imetandikwa nje, wanawake wameinjika, vijana wameshakwenda makaburini na majembe. Hufanyi kitu. Unakaa unalia, kazi ni ya mtaa.

Sasa mimi nikaleta sheria. Mtu akikosa Jumamosi tatu mfululizo bila sababu ya kueleweka, anakunjiwa mkeka. Yaani akifiwa, mtaa hauendi. Hakuna wa kuchimba, hakuna wa kupika, hakuna wa kuketi naye. Nilijua ninachokifanya. Faini mtu anaweza kuizoea, lakini hakuna anayeweza kuzoea wazo la kuzika peke yake.

Sheria ikapita. Watu waliogopa, Jumamosi zikajaa. Nikajiona nimepata dawa.

Basi Mama Zaina akapatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala. Mtaa ulikwenda kumpa pole, mke wangu akiwa wa kwanza, maana hao wawili walikuwa chanda na pete. Miezi ya mwanzo alikuwa anapokea wageni, amekalishwa kwenye kiti, amefunikwa kanga. Baadaye ukienda unaambiwa amelala. Mke wangu akirudi ananiambia, "Leo tena amelala." Tukajua ni miguu tu, imegoma, kama wagonjwa wengine wa maradhi hayo.

Baba Zaina naye akaanza kukosekana Jumamosi. Mara ya kwanza nilimwacha. Mara ya pili nikakunja uso. Nikajiambia, mama yangu mzazi alikuwa kitandani mwaka mzima na sikukosa hata siku moja, huyu ana mgonjwa gani asiye kama wa watu wengine?

Jumamosi iliyofuata nikamwona kwa macho yangu. Sisi tumeinama mtaroni, tope mpaka magotini, yeye anakatiza uchochoroni kuelekea ziwani, kichwani ana beseni limefunikwa kipande cha nyavu. Baba Zaina ni mvuvi. Nikasema, ahaa. Kumbe sisi tunazibua uchafu wake, yeye anakwenda zake kwenye shughuli zake.

Nikaenda kwake siku hiyo hiyo, nimefura. Nikapiga hodi. Akafungua mlango nusu, akasimama katikati, mkono mmoja ameushika ubao. Hakusema karibu. Sisi tuliokula sahani moja, mtu ambaye baba yake alivuka kutoka ng'ambo ya Kongo akafikia nyumbani kwa baba yangu, ananisimamisha nje kama mdai.

"Jumamosi huonekani," nikamwambia.

"Kweli, ndugu yangu. Nimekosa."

"Una tatizo?"

"Hakuna tatizo. Nitajitahidi."

Nikaondoka na hasira nyingi kuliko nilizokwenda nazo. Wala sikujiuliza kwa nini mtu mkarimu vile amenizibia mlango wake.

Hakutoka Jumamosi ya mbele, na wakati huo tulikuwa tumeambiwa wakubwa wa mji watakuja kuutazama mtaa wetu, wauoneshe kwa mitaa mingine iige. Nilikuwa kama bwana harusi. Nikaitisha kikao, nikamwita Baba Zaina mbele ya watu wote. Nikamwambia ajieleze.

Akasimama. Alikuwa amekonda, sasa ndiyo nakumbuka, ila siku ile sikuona. Akasema, "Sina la kujieleza, jamani. Nimekosa. Mniwie radhi."

"Ziwani ulikuwa unakwenda kufanya nini Jumamosi, sisi tukiwa kazini?"

Akanyamaza. Akatazama chini. Nikasema kwa sauti yangu hii, "Si mnaona? Hana la kusema."

Mtaani kwetu kuna bibi mmoja, Bi Tatu, ndiye huwaosha wanawake wanapofariki. Bibi mkali, hana simile na mtu. Akainua mkono, akasema, "Mwenyekiti, mwanamume akinyamaza hivi kuna jambo. Mfuateni pembeni mkamwulize."

Nikamjibu, "Bi Tatu, sheria haina pembeni."

Watu wakacheka. Nilifurahi walivyocheka. Nikatangaza kwamba Baba Zaina amekunjiwa mkeka. Yeye akaitikia kwa kichwa, akasema, "Haya," akatoka. Mke wangu tulipofika nyumbani aliniambia jambo moja tu: "Umemwaibisha mtu mbele ya watu, mume wangu." Nikamwambia mambo ya chama si ya jikoni.

Haikupita miezi miwili, Mama Zaina akafariki.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, bado sijatoka kwenda dukani. Baba Zaina akaja mlangoni kwangu, amevaa kanzu. Macho mekundu. Akaniita Mwenyekiti. Maisha yetu yote alikuwa ananiita ndugu yangu, siku ile akaniita Mwenyekiti.

"Mwenyekiti, mwenzangu hatunaye. Ametutoka alfajiri."

Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Hayo maneno niliyasema kwa mdomo, moyoni nilikuwa nangoja. Nikwambie nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja aniombe. Nilitaka aseme, "Nisaidie, nitangazie mtaa." Angesema hivyo, ningemwambia msimamo wa chama, angeomba tena, kisha ningesamehe kwa sauti kubwa ili watu wajue mwenyekiti ana huruma. Nilikuwa nimeshaupanga mchezo wote kichwani mwangu, mwanamke wa watu yuko ndani hajapoa.

Hakuomba.

"Nimekuja kukupa taarifa tu," akasema. "Ni jirani yangu, isingekuwa vizuri usikie kwa wengine. Tutazika baada ya adhuhuri." Akaondoka.

Lahaula! Hapo mtu mwenye moyo angemkimbilia. Mimi nilipandwa na hasira, nikaona amenidharau tena. Nikapita nyumba kwa nyumba. Kila nilipofika nilisema maneno yale yale: aliyekunjiwa mkeka amekunjiwa, tukivunja leo hakuna atakayetoka Jumamosi. Wengine waliitikia kwa kichwa wakarudi ndani. Wengine walisema, "Lakini mwenyekiti, maiti?" Nikawaambia wakitaka kwenda waende, ila wakae wakijua siku yao nayo itakuja. Nilitisha watu kwa vifo vya watoto wao.

Kwa Bi Tatu nilituma mtu, kwa kuwa mwenyewe nilimwogopa.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mke wangu ameshajifunga kanga ya msibani, anatafuta kandambili. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Kwa shoga yangu. Sasa hivi wanamwosha."

Nikamwambia, "Ukivuka kizingiti hiki, usirudi."

Aliniangalia, sijui niseme vipi, kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Ana watoto watano na mimi. Halafu akaketi chini, pale pale mlangoni, na kanga yake kichwani. Akakaa hapo mpaka alasiri. Hakula, hakunywa, hakulia.

Adhuhuri ile sikwenda msikitini. Niliswali chumbani kwangu, kama swala ile niiite swala.

Baada ya muda nikasikia tahlili inakuja, laini, si ile ya watu wengi inayojaza njia. Nikatoka barazani. Jeneza lilikuwa linapita mtaani kwetu, kati ya mawe yetu yaliyopakwa chokaa. Watu hawakufika ishirini. Sheikh, wavuvi wenzake kutoka Kibirizi, shemeji yake mmoja, na wazee wachache wa msikitini ambao sikuwa nimewafikia. Zaina mwenyewe, binti yao pekee, ameolewa Mpanda, asingewahi.

Unajua jeneza linavyobebwa kwetu. Watu wanagombea. Hujapiga hatua nne mtu amekupokea, na huyo naye anapokewa, linakwenda kama linaelea. Siku ile hakukuwa na wa kupokea. Wale wale waliolitoa nyumbani ndio waliokuwa nalo, na mbele alikuwa Baba Zaina, bega lake limeinama. Walipofika karibu na nyumba yangu, walichoka. Wakalitua chini. Wakamweka maiti njiani, wapumue, wafute jasho.

Milango yote ilikuwa na watu. Wamesimama ndani, wamechungulia. Wote walikuwa wananitazama mimi, wanangoja nifanye nini. Ningenyanyua mguu mmoja tu, mtaa mzima ungemwagika njiani.

Sikuunyanyua.

Baba Zaina hakunitazama. Akasema, "Haya, jamani, bismillahi," wakanyanyua tena, wakaenda.

Alasiri, watu wametoka kuzika, Bi Tatu akaja kwangu. Hakubisha hodi. Alipita juu ya miguu ya mke wangu pale mlangoni, akasimama mbele yangu. Katazo langu angelipuuza, nilijua; kilichomchelewesha ni kwamba mtu niliyemtuma alimwambia kuosha kumeahirishwa mpaka binti afike. Huo uongo niliutunga mimi. Alipoambiwa na mpita njia kwamba jeneza linatoka, akakimbia na uzee wake.

"Nimekuta ameshaoshwa," akasema. "Unajua ameoshwa na nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Na mumewe. Peke yake. Nikamwambia, baba, kwa nini hukuningoja? Akaniambia, mama, nimemwogesha miezi kumi na minne, leo nitashindwa?"

Kisha akaniambia aliyoyaona ndani, na aliyoambiwa na Baba Zaina alipombana. Chumba kina kamba zimefungwa ukuta hadi ukuta, mashuka na matambara yameanikwa humo humo ndani, yasionekane nje. Mama Zaina, miezi hii ya mwisho ya ugonjwa, alikuwa hawezi kujizuia haja. Yule mama niliyekwambia ua wake ulikuwa unang'aa. Alimwapisha mumewe asijue mtu, hata mke wangu, hata binti yao. Ndiyo maana wageni waliambiwa amelala. Ndiyo maana mlango ulifunguliwa nusu.

"Na Jumamosi unayomsulubia," Bi Tatu akasema, "ndiyo siku pekee ufukwe hauna mtu. Si wote mko mtaroni na mafagio yenu? Mwanamume angefua wapi nguo za mkewe za haja bila kuonekana? Alikuwa anangoja mtoke."

Beseni lile. Nyavu zile za kufunikia.

Bi Tatu hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tu, "Mimi nimeosha wanawake wa mtaa huu wote tangu nikiwa msichana. Huyu mmoja ndiye umeninyima." Akatoka.

Mke wangu pale chini alikuwa amesikia neno kwa neno. Alivua kanga kichwani, akaikunja taratibu, akaingia ndani.

Kesho yake mtaa wote ulikwenda msibani. Mikeka, masufuria, turubai, kila kitu. Tulikuwa wengi hata pa kukaa hapakutosha. Baba Zaina alitupokea. Alitumiminia kahawa kwa mkono wake, mmoja mmoja, akatuambia asanteni kwa kuja. Hakuna aliyeweza kumtazama. Kahawa yangu ilipoa mkononi.

Wale wakubwa nao wakaja, wiki hiyo hiyo. Wakatembea mtaani, wakasifu mitaro, wakasifu miti. Mmoja akasema huu ni mtaa wenye umoja. Watu wakapiga makofi, ila makofi yenyewe yalikuwa machache, yamelegea. Nilitakiwa kutoa neno la shukrani. Nikasimama, sauti yangu hii ikakataa kutoka. Nikaketi. Jioni nikaupeleka uenyekiti kwa watu wenyewe, nikauacha.

Baada ya arobaini, Baba Zaina akafunga nyumba akahamia Kagunga, kwa shemeji yake, huko kaskazini karibu na Burundi. Hakuaga mtu. Chama kipo mpaka leo, lakini Jumamosi wanatoka watu saba, wanane. Hakuna aliyesema amejitoa. Wana homa, wana wageni, wana safari. Nani atawakunjia mkeka? Mawe chokaa imebanduka, mtaro umeanza kurudia hali yake.

Ilinichukua miezi sita kupata uso wa kwenda Kagunga. Nikapanda boti Kibirizi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika nikaelekezwa, nikamkuta ameketi mchangani na wavuvi wenzake, anashona nyavu. Aliponiona akaweka chini sindano yake, akasimama, akanipa mkono kwa mikono miwili.

Maneno yote yakapotea. Nikapiga magoti pale pale.

"Inuka, ndugu yangu," akasema. "Watu wanatuona. Inuka tule kwanza."

Alinipikia mwenyewe. Ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu. Alikuwa fundi wa kupika, nikajua alijifunzia wapi. Tulipomaliza kula nikamwomba msamaha, nikalia kama mtoto. Akaniacha nilie mpaka nimalize.

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Nisingeweza kumfukia mke wangu na kinyongo mkononi."

Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Tumekua pamoja. Ungeninong'oneza tu.

Akasema, "Ningekuambia, ungenitetea. Ungesimama kikaoni useme, jamani mwacheni, mkewe hali yake ni hivi na hivi. Ungenitetea kwa watu wote, na yeye angesikia kule ndani kwamba mtaa unajua. Alikuwa mwanamke msafi sana yule. Nilikuwa naona bora mnione mimi mvivu."

Ni kweli. Ndivyo ambavyo ningefanya, na ningejiona nimetenda wema.

Nikamsihi arudi. Nikamwambia nyumba ipo, mtaa unamngoja, kila mtu amejutia. Akatikisa kichwa bila hasira. Ndipo akaniambia neno ambalo ndilo limenifanya nikae leo niandike.

"Nimeshaongea na watu wa huku," akasema. "Siku yangu ikifika wanizike hapa hapa. Wasipate tabu ya kupiga simu Ujiji."

"Na Mama Zaina?" nikamuuliza. Maana nilijua, mtaa mzima ulijua, alikuwa amemwekea ahadi mkewe kwamba watalala ubavu kwa ubavu. Pembeni ya kaburi lile ameacha nafasi.

"Atanielewa," akasema. "Kule Ujiji nimeshaona watakavyonibeba. Siwezi kuwapa watu wale wachache mzigo ule mara ya pili."

Nikarudi na boti ya alasiri.

Watu wawili walioishi pamoja miaka yote ile, mmoja akamwosha mwenzake miezi kumi na minne bila kuchoka, nimewatenganisha mimi, kwa sheria niliyoitunga mwenyewe ili watu waje kufagia. Msamaha nimepewa. Nafasi ile pembeni ya kaburi iko wazi, na mimi nikienda kuzika mtu mwingine pale naiona.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia amenisamehe. Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye kabisa, nilishadhani yamekwisha, akasema, "Yeye ni mtu mwema. Mimi bado."

Ananipikia, ananifulia, akiitwa anaitika. Lakini tangu Alhamisi ile hajawahi kucheka mbele yangu, na mimi sina uso wa kumwambia acheke.

Wewe unayeongoza watu, iwe chama cha mtaa, cha vikoba, cha msikiti au cha kanisa, nisikilize mimi niliyeharibikiwa. Mtu aliyekuwa wa kwanza kushika jembe hawezi kuwa mvivu ghafla. Mwendee peke yako, bila daftari. Akikwambia hakuna tatizo, usiamini haraka, na akikuambia lililopo, lifie kifuani mwako. Kuna watu wanabeba jambo kubwa na wako radhi kutukanwa kuliko kulisema.

Na wewe unayeongozwa, usimngoje mwenyekiti anyanyue mguu. Mtaa wetu wote ulikuwa na miguu siku ile.

Jeneza likipita, inuka ukabebe, hata kama maiti ni wa adui yako. Ugomvi wako hautakwenda popote. Ukirudi kutoka makaburini utaukuta pale pale ulipouacha, na huenda usiutake tena.